Zilipendwa na Kiangazi cha Kusini: Maonyesho ya Muziki na Kumbukumbu ya Ujana katika Mwambao wa Mtwara

Zilipendwa ni jina ambalo Watanzania huzipa nyimbo za muziki wa dansi zilizotamba kuanzia mwanzo wa miaka ya 1960 hadi mwisho wa miaka ya 1980. Zilipigwa na bendi zenye magitaa ya umeme, besi, tumba, dramu na safu ya tarumbeta na saksafoni. Ziliimbwa kwa Kiswahili, na nyingi zilikuwa na kisa kamili ndani yake: mapenzi, ndoa, safari ya mjini, ulevi, kazi, msiba. Hakuna kamati iliyoweka mpaka wa zilipendwa. Wimbo huingia kundi hilo pale waliokuwa vijana ulipotoka wanapoanza kuusikiliza pamoja na watoto wao.

Kila mji wa Tanzania una wapenzi wa zilipendwa, lakini hawazipendi kwa namna moja. Mkazi wa Dar es Salaam aliyekuwa kijana mwaka 1980 angeweza kuchagua bendi ya kwenda kuitazama karibu kila mwisho wa wiki. Mkazi wa Mtwara, Mikindani au vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma kama Ziwani, Madimba na Msimbati aliwasikia wanamuziki haohao redioni mwaka mzima, na kuwaona kwa macho, kama aliwaona, mara chache katika majira ya ukame. Huku kusini, muziki wa ujana umefungamana na msimu wake na njia uliyojia. Asiyeujua msimu huo na njia hiyo hawezi kueleza kwa nini onyesho la zilipendwa hujaza ukumbi mwezi fulani na kuuacha mtupu mwezi mwingine.

Kalenda ya kusini

Mikoa ya Mtwara na Lindi hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Miezi inayobaki ni mikavu. Mavuno ya nafaka yakishaingia ghalani, watu wanakuwa na chakula, njia zinapitika na kazi za shamba hupungua. Hapo ndipo sherehe huanza. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, majira haya ndiyo ya jando na unyago: watoto huingia likumbini, yaani kambini, hufundwa, kisha hutolewa kwa ngoma na karamu. Shule zilipoenea, sherehe hizo zilisogezwa zikaangukia zaidi likizo za Juni na Desemba, lakini ukame ulibaki kuwa ndio wakati wa ngoma.

Zao la korosho likaongeza uzito wa kalenda hiyo. Mikorosho huchanua katikati ya ukame, korosho huanza kuokotwa kuanzia Septemba, na malipo humfikia mkulima katika miezi ya mwisho ya mwaka. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, korosho huuzwa mnadani kupitia vyama vikuu vya ushirika: MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, TANECU kwa Tandahimba na Newala. Fedha huingia kwa mkupuo. Katika msimu wa 2017/2018 bei za mnadani zilikaribia shilingi 4,000 kwa kilo, na miji midogo ya uwanda wa Makonde ikajaa bidhaa, magari na muziki.

Waendeshaji wa bendi waliifahamu kalenda hii mapema. Ziara za mikoani zilipangwa kufuata mazao: pamba ilipouzwa, bendi zilielekea kanda ya ziwa, korosho ilipouzwa, zilielekea kusini. Kwa hiyo kiangazi cha Mtwara kilikuwa msimu wa maonyesho kwa sababu tatu zilizokutana, yaani barabara kukauka, fedha kuingia na sherehe za jando na unyago kukusanya watu.

Njia za muziki kufika Mtwara

Muziki wa wageni haukuanza kufika kusini kwa gitaa. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi kwa sare, vyeo na gwaride, ilisambaa kutoka miji ya pwani kama Lamu, Mombasa na Tanga hadi bara, ikibebwa na askari na wapagazi waliorudi makwao. Vyama vyake viwili mashuhuri, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi na nyimbo. Huko kusini na magharibi, hadi Nyasa, beni ilizaa ngoma kama mganda na malipenga. Wazee wa kizazi hicho nao walikuwa na zilipendwa zao muda mrefu kabla jina hilo halijatumika.

Mji wa Mtwara wenyewe ni mchanga ukilinganishwa na Mikindani, bandari ya kale iliyo kilomita chache kutoka hapo. Ulijengwa baada ya mwaka 1947 kuhudumia mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga Nachingwea. Mpango ulikufa mwaka 1951, bandari ya kina kirefu ikafunguliwa mwaka 1954, na reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mji ukabaki na bandari nzuri na mitaa mipana, lakini bila reli na bila barabara ya kutegemewa. Wakati wa masika, Mto Rufiji na udongo wa mfinyanzi vilikata mawasiliano na Dar es Salaam. Daraja la Mkapa juu ya mto huo, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake magari yalisubiri kivuko, na lami iliendelea kujengwa vipande vipande kwa miaka mingine kadhaa.

Katika hali hiyo, njia kuu ya muziki ilikuwa redio. Kituo kilichoanza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam kiligeuka Shirika la Utangazaji la Tanganyika, kisha mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD haikuwa mtangazaji tu. Studio zake ndizo zilizorekodi sehemu kubwa ya muziki wa dansi, kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda imara cha santuri. Santuri za wanamuziki wa Tanzania zilikuwa zikichapwa Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa Februari 1977, njia hiyo ikawa ngumu zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 redio ilitoa nafasi kubwa mno kwa muziki wa nchini. Kijana wa Ziwani mwenye redio ya betri alisikia wimbo uleule, saa ileile, na kijana wa Bukoba au Kigoma. Vipindi vya salamu vilikamilisha uhusiano huo: msikilizaji alijaza kadi, akaitia posta, akasubiri wiki kadhaa jina lake na majina ya wenzake yatajwe kabla ya wimbo.

Kusini kulikuwa na sauti nyingine ambayo haikusikika kwa nguvu hiyo kwingineko. Mpaka wa Msumbiji uko jirani, na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilikuwa Nachingwea. Kwa waliokuwa vijana Mtwara kati ya 1964 na 1974, nyimbo za ukombozi, matangazo ya wapigania uhuru na bendi za majeshi ni sehemu ya kumbukumbu ileile iliyobeba nyimbo za mapenzi.

Bendi na wamiliki wake

Muziki wa dansi ulianza kama burudani ya vyama vya vijana wa mjini. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Western Jazz mwaka 1959. Santuri za Kuba zilizoingia pwani tangu miaka ya 1930 ziliacha alama kubwa, na Salum Abdallah wa Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba. Neno jazz lilitumika kwa bendi yoyote ya dansi. Miji iliwakilishwa kwa majina: Tabora Jazz, Morogoro Jazz, na kwa pwani ya kusini Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, iliyofanyia kazi zake Dar es Salaam.

Baada ya uhuru, vyombo vikawa mali ya taasisi. Hotuba ya Mwalimu Nyerere bungeni Desemba 1962 ilitangaza wizara ya utamaduni na kulalamikia watu waliojua dansi za kigeni na kutojua ngoma za kwao. Mwaka 1964 jumuiya ya wafanyakazi ilianzisha NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Polisi, Magereza, Jeshi la Wananchi, Jeshi la Kujenga Taifa, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la bima na kiwanda cha kukata almasi cha Iringa vyote vilikuwa na bendi. Mwanamuziki alilipwa mshahara kama karani. Mlimani Park Orchestra iliyoundwa mwaka 1978 ilikuwa ya kampuni ya teksi na usafiri, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana jina lake linaanza na DDC.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina: Saboso kwa Western Jazz, Segere Matata kwa Tabora Jazz, Vangavanga kwa Polisi. Msondo na Sikinde ni majina yaliyotoka kwenye ngoma za pwani. Ushindani wa mitindo ulirithi tabia ya vyama vya beni, na mashabiki walijigawa kama wanavyojigawa kwa Simba na Yanga.

Mtwara ina uhusiano wa pekee na sera za utamaduni za wakati huo. Ngoma ya sindimba ya Wamakonde ndiyo iliyochukuliwa na kikundi cha taifa cha ngoma katika miaka ya 1960 na kufundishwa mashuleni nchi nzima. Na uwanja wa michezo wa mji, ambao leo ndio uwanja mkubwa wa matamasha, unaitwa Nangwanda Sijaona, kwa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa kusini aliyeongoza Umoja wa Vijana wa TANU. Umoja huo ndio uliotangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, kampeni dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Mwaka uliofuata muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Baadaye kidogo umoja huohuo wa vijana ulikuwa na bendi yake ya dansi, Vijana Jazz, na nyimbo zake sasa ni kati ya zilipendwa zinazoombwa sana.

Usiku wa dansi

Ziara ya bendi kutoka Dar es Salaam ilikuwa shughuli kubwa. Wanamuziki, vyombo, vipaza sauti na jenereta vilisafiri kwa lori au basi moja. Jenereta ilihitajika kwa kuwa umeme wa Mtwara na Lindi ulitegemea mitambo ya dizeli isiyounganishwa na gridi ya taifa, na vijiji vingi havikuwa na umeme kabisa. Umeme wa gesi ya Ghuba ya Mnazi ulianza kutumika mkoani kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii.

Gari la matangazo lilizunguka mitaani mchana kutaja ukumbi na kiingilio. Mahali pengi palikuwa na dansi la mchana kwa vijana, lililoitwa bugi, na dansi la usiku kwa watu wazima. Usiku bendi ilianza na nyimbo za taratibu, watu wakiwa bado wanaingia. Nyimbo zilizokuwa zikitamba redioni zilihifadhiwa kwa ajili ya katikati ya usiku. Wimbo wa dansi una sehemu mbili: ya kwanza hubeba mashairi na sauti za kupokezana, ya pili ni sebene, au chemko, ambapo magitaa na tarumbeta huchukua nafasi na wachezaji huondoka kwenye viti. Redioni sehemu hii ilikatwa kwa sababu ya muda. Ukumbini ilirefushwa kadiri watu walivyoweza kucheza, na aliyefurahi alipanda jukwaani kumtuza mwimbaji kwa noti.

Tofauti hiyo kati ya wimbo wa redioni na wimbo wa ukumbini ndiyo kiini cha kumbukumbu za kusini. Kwa miezi minane au tisa wimbo ulijulikana kwa kusikia. Ilipofika bendi, msikilizaji alikwenda kuthibitisha anachokijua: sura ya mwimbaji, vidole vya mpiga solo, urefu wa sebene. Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Hemed Maneti na Muhidini Maalim Gurumo walikuwa majina yaliyozoeleka nyumbani kabla hawajaonekana, na wengi wa waliowapenda hawakuwahi kuwaona.

Kwa nini nyimbo za ujana hudumu

Wataalamu wa saikolojia wameonyesha kwamba mtu mzima akiombwa kukumbuka mambo ya maisha yake, kumbukumbu nyingi zaidi huangukia kipindi cha kati ya miaka 10 na 30. Mwaka 1986 David Rubin na wenzake nchini Marekani waliukusanya ushahidi wa jambo hilo, na tafiti nyingi zimelithibitisha baadaye. Muziki una nafasi ya pekee katika kilele hicho cha kumbukumbu. Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler waliwapigia watu wa umri mbalimbali vipande vya nyimbo zilizovuma kati ya miaka ya 1930 na 1980. Nyimbo zilizopendwa zaidi zilikuwa zile zilizotoka msikilizaji akiwa na umri wa karibu miaka 24.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Ujana ni wakati wa mambo ya mara ya kwanza: kazi ya kwanza, mchumba, kuhama nyumbani. Wimbo unaosikika wakati huo husajiliwa pamoja na tukio. Pili, kijana hutumia muziki kujitambulisha ni nani na ni wa kundi gani. Tatu, wimbo wa ujana hurudiwa mno. Tafiti za picha za ubongo zilizofanywa na Petr Janata na kuchapishwa mwaka 2009 zilionyesha kwamba sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kujitambua huchangamka zaidi pale wimbo unapoamsha kumbukumbu ya maisha binafsi.

Hata hivyo, kumbukumbu za muziki hazikai ndani ya kizazi kimoja. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick walichapisha utafiti juu ya vijana wa Kimarekani wenye umri wa karibu miaka 20. Vijana hao waliguswa na nyimbo za wakati wao, lakini pia na nyimbo za ujana wa wazazi wao, na hata za miaka ya 1960, walizozisikia nyumbani walipokuwa wadogo. Nyumba ya Mtwara yenye redio moja ilikuwa na hali hiyohiyo. Mtoto hakuwa na kituo chake wala spika zake za masikioni. Wimbo wa baba ulikuwa wimbo wa nyumba nzima, na hii ndiyo sababu mashabiki wengi wa Mlimani Park wanaojaza kumbi leo hawakuwa wamezaliwa bendi ilipoundwa.

Uhaba nao unapaswa kuongezwa katika maelezo haya. Kumbukumbu hushika zaidi tukio la nadra kuliko la kila siku. Onyesho moja la mwezi wa Oktoba, likiwa limesubiriwa mwaka mzima na kugharimiwa kwa fedha za korosho, lina alama nyingi za kulitambulisha: mwaka wa mavuno, aliyetolewa jando, aliyeolewa, nguo iliyoshonwa.

Kuondoka kwa bendi

Mpangilio huo ulivunjika polepole. Mwaka 1973/1974 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/1987 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Operesheni ya vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei haikuvutia, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaharibu maua. Mzee wa Newala au wa Nanguruwe anaposifu muziki wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, anasifu pia, bila kutaja, miaka ambayo mkorosho ulilipa.

Upande wa bendi, vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 na mgogoro wa uchumi uliofuata viliadimisha fedha za kigeni. Nyuzi za gitaa, vipaza sauti na vipuri vya magari havikupatikana kwa urahisi. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa au kufungwa katika miaka ya 1990, bendi zilipoteza waajiri. Disko lilikuwa rahisi zaidi kulisafirisha: mtu mmoja, kanda na spika mbili. Mwaka 1994 Radio One na ITV zilianza kurusha matangazo, vituo vingine vikafuata, na kizazi kipya kikaanza kurap kwa Kiswahili. Wanamuziki wakubwa nao walikuwa wakiondoka duniani: Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, Hemed Maneti mwaka 1990, Marijani Rajabu mwaka 1995.

Maonyesho ya zilipendwa leo

Onyesho la zilipendwa katika mji mdogo leo huwa na sura tatu. Ya kwanza ni ziara ya bendi kongwe. Msondo Ngoma na DDC Mlimani Park bado zinapiga, ingawa waasisi wengi wamekufa. Gurumo, aliyeimba katika bendi zote mbili, alifariki Aprili 2014, na King Kikii, aliyetunga Kitambaa Cheupe na kuongoza bendi ya Wazee Sugu, alifariki Novemba 2024. Wanamuziki vijana wamejifunza sehemu za wazee wao hadi kwenye makosa ya rekodi ya zamani, kwa kuwa mashabiki hukasirika sebene ikibadilishwa.

Sura ya pili ni bendi ndogo ya hoteli au baa inayopiga kopi. Huwa na kinanda kinachochukua nafasi ya tarumbeta, gitaa moja au mawili na waimbaji wawili. Wapiga tarumbeta ni wachache na gharama ya kuwasafirisha ni kubwa, hivyo sauti iliyotambulisha dansi ya miaka ya 1970 ndiyo inayokosekana mara nyingi.

Ya tatu, na iliyoenea kuliko zote, ni usiku wa zilipendwa unaoendeshwa na DJ, pamoja na matumizi ya nyimbo hizo katika harusi na sherehe za kumtoa mwali. Nyimbo zilezile zilizorekodiwa na wasikilizaji kwenye kanda kutoka redioni sasa huuzwa na mafundi wa simu, wakizirusha kwa mamia kwenye flashi na kadi za kumbukumbu. Kijijini, spika ya kukodi na betri ya sola vimechukua nafasi ya jenereta.

Msimu, hata hivyo, haujabadilika. Tamasha la muziki la Wasafi Festival la mwaka 2018 lilianzia Mtwara mwezi wa Novemba, katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona, wakati ambao kwa kawaida fedha za korosho huwa mkononi. Mwaka huohuo lebo ya Wasafi ilikuwa bado ikivuna sifa za wimbo wake wa pamoja wa 2017 uliopewa jina la Zilipendwa. Matamasha ya Fiesta nayo yamefuata miji ya mikoani kwa mpangilio wa ziara unaofanana na wa bendi za zamani. Upande wa ngoma, tamasha la MaKuYa, lililoanzishwa na shirika la ADEA la Mtwara na kupewa jina kutokana na Wamakonde, Wamakua na Wayao, limeleta vikundi vya vijijini mjini ili ngoma zilizokuwa za jando, unyago na mavuno zichezwe mbele ya watazamaji.

Zilipendwa mpya

Bongo Fleva ya kati ya mwaka 2000 na 2006 imeshaingia umri wa kukumbukwa. Waliokuwa sekondari walipotamba Juma Nature, Mr. Nice, Lady Jaydee, TID na Profesa Jay sasa ni wazazi, walimu na maofisa ushirika. Nyimbo hizo zina hadithi yao ya namna zilivyofika Mtwara: kwa kanda zilizoletwa na mabasi, kwa vituo vya FM vilivyoanza kusikika mikoani, na baadaye kwa lami iliyofuata Daraja la Mkapa. Uhaba wao ulikuwa mdogo kuliko wa kizazi cha RTD, lakini ulikuwepo.

Kwa kizazi cha singeli na simu janja hali ni tofauti. Wimbo humfikia kijana wa Msimbati saa ileile unapomfikia wa Manzese, Dar es Salaam. Hausubiri bendi, posta wala ukame. Kinachobaki cha msimu ni mkusanyiko wenyewe: kigodoro cha mtaani, sherehe ya mwali, tamasha la uwanjani. Ikiwa uhaba ulikuwa sehemu ya nguvu ya zilipendwa, kizazi hiki kitakumbuka zaidi matukio ya pamoja kuliko wimbo mmojammoja uliosikika kwa upweke kwenye simu.

Yanayosahauliwa na yanayohitaji kuhifadhiwa

Sifa za zamani huchagua. Muziki wa dansi ulikuwa wa wanaume kwa kiasi kikubwa. Kida Waziri wa Vijana Jazz ni kati ya wanawake wachache waliopata jina kama waimbaji wa bendi. Muziki wa ujana wa wanawake wengi wa kusini ulikuwa unyago, ngoma zake na nyimbo za mafunzo ambazo hazikuruhusiwa kusikika redioni. Zanzibar, Bi Kidude aliifikisha ngoma ya unyago kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kifo chake Aprili 2013. Bara, sehemu kubwa ya nyimbo hizo iko vichwani mwa makungwi tu.

Uhuru wa kutunga nao ulikuwa na mipaka. Mashairi yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa RTD, na bendi ya taasisi ilitarajiwa kuisifu taasisi na chama. Malipo yalikuwa madogo, na haki za watunzi hazikuwa na ulinzi wa kutosha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999 na kuzaa COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, wakati nyimbo nyingi za zilipendwa zilikuwa zimeshatumika kwa miongo mitatu. Wimbo unapopigwa leo ukumbini Mtwara kwa kiingilio, mrithi wa mtunzi anastahili sehemu ya mapato, na utekelezaji wa haki hiyo katika miji midogo bado ni dhaifu.

Maelfu ya tepu za RTD sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Tepu huchakaa kwa unyevu na joto, na kuzihamishia kwenye dijitali ni kazi ya haraka. Kwa Mtwara, hazina hiyo haitoshi peke yake, maana redio ilirekodi wimbo na haikurekodi dansi la mikoani. Habari za kumbi, bugi, kadi za salamu, ziara za msimu wa korosho na bendi za mji ziko kwa watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Redio za kijamii zilizopo mkoani, shule na maktaba zinaweza kuzikusanya kwa gharama ndogo: kinasa sauti, orodha ya maswali, na ruhusa ya mhusika. Kwa waandaaji wa maonyesho, yaliyoelezwa hapa yanatoa kanuni tatu za vitendo. Onyesho lipangwe katika msimu wa fedha na ukavu wa njia, bendi iwe na wapiga tarumbeta, na sebene isikatwe.